Chupa ya Rafu ya Juu

Asubuhi ya kwanza baada ya kutoka eda, Zuwena alikwenda dukani kwa Bi Batuli, muuza manukato. Miezi minne na siku kumi hakuwa amejitia hata tone. Kabla hajasema neno, Bi Batuli alishamwekea mezani chupa ya waridi.

"Yako hii, mwanangu. Ya mtu mpole."

"Miaka kumi na tisa unanipa waridi, Bi Batuli! Leo nataka ile nyekundu ya rafu ya juu."

"Ile ya wanawake wakali. Itakukataa."

"Upole, upole! Hivi nani aliyekwambia mimi ni mpole?"

Bi Batuli akaanza kuipangusa chupa isiyo na vumbi.

"Marehemu mumeo. Wiki ya harusi alikuja hapa, akasema nisikupe nyingine."

Zuwena alivuta kigoda, akapanda, akaitwaa chupa nyekundu mwenyewe. Akajipaka shingoni, viganjani, akaunyunyizia na mtandio wake mweupe. Wanawake wawili waliokuwa wakipita nje wakasimama mlangoni, wakanusa.

Zuwena alibaki juu ya kigoda, wala hakuwa na haraka ya kushuka.