Mwenye Kaya Mpya

Siku hizi gari humtii mwenye kaya peke yake, na humtambua kwa kusikiliza jinsi abiria wanavyoitana. Tangu tufike Visiwa vya Faroe lilimtii Baba, naye alikataa kusimama popote.

"Tutachelewa feri," alisema.

Bibi Mwanakombo, aliyetoka Tanga kuja kugusa theluji kabla hajafa, alinigeukia mimi mjukuu wake. "Mume wangu, utaniacha nirudi mikono mitupu?"

"Haiwezekani, mke wangu," nilijibu kwa adabu zote za mwanafunzi wa bweni.

Gari likalia. "Abiria mkubwa kuliko wote ana mume. Mwenye kaya mpya, amri yako?"

"Simama!"

Likasimama, tukashuka sote. Bibi akafinyanga donge la theluji, akamtandika nalo Baba kisogoni, akacheka hadi machozi. Tuliporudi ndani, mlango wa Baba ulikataa kufunguka.

"Nimfungulie huyu?" gari liliniuliza.

"Amwamkie mume wangu kwanza," Bibi aliamua.

Baba, meno yakigongana, akasema, "Shikamoo."

"Marahaba," niliitikia.

Mlango ukafunguka. Nikaliamuru gari limrudishie Baba madaraka.

"Mwenye kaya hajiuzulu," likajibu.

Baba akafunga mkanda, akakunja mikono mapajani kama mtoto wa kidato cha kwanza siku ya kwanza bwenini.