Bata Aliyemcheka Mbweha

Katika zama ambazo wanyama walielewana lugha, Mbweha alisuka bata wa matete, akawapanga majini ukingoni mwa ziwa ili bata wa kweli watue karibu na meno yake. Siku za shwari alikula vizuri. Siku za upepo hakutua hata mmoja, naye hakujua kwa nini.

Bata Dume, aliyependa kuonekana mjuzi, alijua. Alizunguka juu yake akicheka.

"Bwana Mbweha, nani fundi wako? Bata gani huupa upepo mgongo, manyoya yakampinduka?"

"Baba watoto, twende zetu," mkewe alimsihi. "Unamfundisha."

"Simfundishi, namcheka."

Mbweha aliinamisha kichwa. "Mimi mjinga, mzee wangu. Na mvua ikinyesha?"

"Tunabanana kwenye matete. Hata hilo hulijui?"

"Sasa nalijua. Ahsante, mwalimu."

Kesho yake mvua ilinyesha kwa upepo mkali. Mke wa Bata Dume, akirudi malishoni amechoka, aliona bata wamebanana kwenye matete, wote wakiuelekea upepo. Akatua kati yao. Hakuruka tena.

Waliokuja kutoa pole waliulizana, "Mbweha kayajulia wapi haya?" Bata Dume alitazama maji.

Tangu hapo, upepo ukivuma, bata wote huuelekea kama kawaida yao, isipokuwa Bata Dume. Yeye hukaa nyuma yao, ameupa mgongo asionane nao uso kwa uso, manyoya yamempinduka, kama bata wa matete aliyepangwa na mjinga.