Kupima Hodi

Siku hizo kila mashine ya nyumbani ilipimwa mwendo wa programu yake, na iliyochelewa ilichukuliwa ikayeyushwe. Mashine ya Mwanamkuu ilichelewa. Ndiyo iliyomgeuza kitandani mama mkwe wake, Bi Rukia, asiyeweza kujigeuza, na mpimaji alikuwa njiani.

Mwanamkuu akapakia maktaba nyepesi ya msimbo, ile ya kupimia muda, akaizungushia kila kazi ya mashine aone ipi inayoichelewesha. Kuinua, upesi. Kugeuza, upesi. Muda wote ulikuwa unaliwa mlangoni, mashine ikipiga hodi na kungoja ikaribishwe.

"Si uiondoe hiyo hodi!" alisema jirani yake, Shamsa.

"Thubutu! Mama mkwe wangu aingiliwe kama banda la kuku?"

Akaiacha hodi, akafuta kungoja. Akapima tena, akapiga magoti kumshukuru Mola.

Mpimaji alipokuja, taa ya kijani ya kipimo chake iliwaka hata hajakaa vizuri. "Dada, hii imezishinda zote za mtaa huu," alisema. Shamsa akapiga vigelegele vikasikika mtaa wa pili.

"Mama, tumeshinda! Mashine haiendi popote!" Mwanamkuu alipaza sauti.

"Alhamdulillahi, mwanangu!" Bi Rukia aliitikia kutoka chumbani, akicheka.

Mashine ikawapita, ikaelekea kwake. "Hodi," ikasema kwa adabu zote, na papo hapo ikafungua mlango.

"Ngoja kwanza, sijavuta kanga," alisema Bi Rukia.

Lakini ilikuwa imeshafika kitandani.