Alama za Piko

Hajra alilala chali kwenye kitanda cha mashine, kifua wazi, na zile alama nyeusi kifuani zilikuwa zimekolea kuliko jana.

"Leo zinaonekana vizuri, mama," alisema mtaalamu wa mionzi. Tangu mwanzo alimweleza kwamba humo ndani elektroni husukumwa mpaka zikakimbia ajabu, kisha hupiga pale pale palipochorwa. Alama zisifutike.

Lakini jana, nyumbani Kisarawe, mdogo wake alikuja na bakuli la singo. "Ugonjwa usikusahaulishe uanamke wako, dada." Akamsugua mpaka ngozi ikang'aa. Alipogundua alichokifuta, alilia kama mtoto. Hajra akamhurumia. Akachukua kioo na piko ya kuchorea maharusi, akazichora upya kwa kukisia.

Mtaalamu akatoka. Mlango mzito ukajifunga. Mashine ikazunguka taratibu, ikasimama juu yake.

Kifua bado kilinukia liwa na karafuu. Hajra akaikumbuka alama ya kushoto, iliyo karibu na moyo, na jinsi alivyoikisia tu kwenye kioo.

"Tulia hivyo hivyo, mama, usitikisike," sauti ikasema kwenye spika.

Hajra akainuka, akaketi.