Uzi wa Tatu wa Nungunungu

Kaeni karibu mmsikie Nungunungu, aliyependa zeze lake kuliko kitu chochote, ingawa halikuwa na uzi hata mmoja. Fundi wa nyuzi alikuwa Buibui peke yake, na kwa kila uzi alitaka kapu zima la viazi. Basi Nungunungu akaacha chakula cha mchana, akapunguza cha jioni, akaweka viazi akiba. Alipopata uzi wa pili alikuwa amekonda mpaka miiba imelegea.

"Jirani yetu anakufa njaa!" akatangaza Kanga, mpenda habari za watu. Akapitisha mchango nyumba kwa nyumba. Hata Ngiri mlafi alitoa kiazi, huku akikitazama kwa huzuni.

Wakamletea Nungunungu kapu limejaa.

"Haya, kula tukuone," akasema Kanga.

"Ni vyangu kweli?"

"Vyako kabisa, jirani."

"Ahsanteni." Akajitwika kapu, akashika njia ya kwa Buibui.

"We!" Ngiri akafoka. "Tumekupa ule!"

"Mngeniuliza kwanza. Njaa yangu naijua mimi, nayo haiko tumboni."

Aliporudi akafunga uzi wa tatu, akapiga wimbo mzima kwa mara ya kwanza. Kanga alifungua mdomo amkemee, lakini miguu yake ilikuwa imeshaanza kucheza.

Ngiri alinuna, akaenda zake. Ila kesho yake alibakiza kiazi kimoja, akakificha nyuma ya mlango. Mkewe alipouliza ni cha nini, akajibu, "Hivi zeze la nyuzi nne linaliaje?"