Tone la Maziwa

Kila nyumba ilikuwa na kopo la kuvu nyeupe, iliyotengenezwa maabara ili kugundua sumu ya mahindi yaliyoota ukungu. Kopo lilionjeshwa chakula kwanza. Kuvu ikigeuka bluu, sufuria nzima ilifukiwa. Ukweni tu ndiko hakuna aliyethubutu kupima. Kumpimia mama mkwe ugali wake ilikuwa sawa na kumwita mchawi mbele ya watu.

Kwa hiyo Nyamizi, aliyekwenda kujifungulia ukweni, alikula kila alichopakuliwa.

Sasa alikuwa amerudi kwake, mama mkwe kamsindikiza. Nyamizi alikuwa jikoni akimnyonyesha mwanawe Shija, na alipoinama kuchukua kijiko, tone la maziwa likadondokea koponi.

Kuvu ikaanza kugeuka bluu.

Akamtoa mtoto titini, akamlaza mkekani. Mtoto akaangua kilio.

“Mama Shija, mtoto analilia nini? Mnyonyeshe!” Mama mkwe aliingia na bakuli la uji. “Nimekuja na unga wangu, huo wa dukani siuamini. Kunywa, maziwa yajae.”

Nyamizi akalisukuma kopo nyuma ya ndoo, akapiga goti, akapokea bakuli kwa mikono miwili.

“Asante, mama,” akasema, akanywa.