Neno la Siri la Nne

Namba ya siri ya ruta ya intaneti ya Rafique ilikuwa imeshageuka wimbo wa kutwangia. Aliisikia mwenyewe asubuhi, mswaki bado mdomoni: ng'ambo ya ua wanawake wawili wanapokezana michi kwenye kinu kimoja, na kila mchi ukishuka, tarakimu moja inatoka. Saba! Sifuri! Tatu! Tatu! Waliimaliza yote, wala hawakukosea.

"Nazira!" alimwita mkewe. "Mama yako ameniua!"

Nazira alicheka hadi akashika tumbo, na tumbo lenyewe lilikuwa limeshakuwa kubwa, mtoto yu njiani.

Mama mwenyewe, Bi Mariamo, hakuwa na ubaya wowote. Tatizo lake lilikuwa moja tu: hajui kumnyima mtu. Rafique, kama wanaume wengi wa Palma, alioa akahamia kwa wakwe, na kwa mkwewe huyu hakuna anayetoka mikono mitupu. Anayetaka kaa la moto anapewa, anayetaka chumvi anapewa, na tangu ruta ifike, anayetaka neno la siri, au senha kama wasemavyo vijana, anapewa senha na kigoda cha kukalia.

Senha ya kwanza, ile iliyobandikwa chini ya ruta tangu kiwandani, alimpa jirani yao Margarida kabla hata taa hazijatulia. Rafique akabadilisha, akaweka tarehe ya harusi yake, akasahau harusi hiyo aliipanga nani. Ya tatu ndiyo hiyo iliyokuwa ikitwangiwa mahindi. Mambo yalifika mahali abiria kutoka Olumbi wakishuka tu garini wanauliza, "Kwa Bi Mariamo ni wapi?"

Mtandao nao ukawa unatambaa. Na Ijumaa, baada ya swala, Rafique alikuwa na usaili wa kazi kwa video. Kampuni moja ya Maputo ilitaka mtu wa kuwasaidia wateja waliowekewa intaneti majumbani, afanye kazi kwa simu, akiwa kwake hapo hapo. Akiikosa, basi ni kwenda Nampula kutafuta kibarua, na mtoto azaliwe baba hayupo. Akilifikiria hilo, roho ilimuuma kwelikweli.

Alhamisi wakila ugali kwa pweza, wazo likamjia ghafla, nusura limpalie.

Bi Mariamo, kwa heshima ya ukwe, hajawahi kutamka jina la Rafique. Hawezi. Akiwa mbele yake humwita "mwanangu", asipokuwepo humwita "yule wa Nazira". Siku walipopita watu wa kugawa vyandarua wakiuliza nani na nani wanalala hapo, aliwataja wote, mpaka kuku nusura awataje. Ilipofika zamu ya mkwewe akajifunika uso kwa kapulana aliyojitanda kama kanga, hadi Margarida akamjibia.

Rafique akanawa mikono, akafungua kompyuta, akafuta ile namba, akaandika jina lake na la baba yake, herufi ndogo, yameshikana. Akaiingiza mwenyewe kwenye simu ya mkwewe ili aendelee kuongea na dada yake aliye Mtwara. Kisha akamrudishia simu kwa mikono miwili.

"Mama, nimebadilisha senha tena. Safari hii nimeweka jina langu na la baba."

"Jina lako wewe?"

"Langu mimi. Mtu akikuuliza usimnyime, mama. Mwambie tu."

Bi Mariamo akashika shavu. "Ee, mwanangu! Umenifunga mdomo!"

Rafique alitoka nje akirukaruka kama mtoto aliyenunuliwa viatu.

"Una dhambi wewe," Nazira akamwambia huku anacheka. "Mama yangu hajui kunyima, na kudanganya ndiyo kabisa."

"Nani kasema adanganye? Atanyamaza tu!"

Ijumaa asubuhi mtandao ulikuwa mwepesi ajabu. Video zilifunguka hata hajaketi vizuri. Rafique alicheza sebuleni peke yake, kisha akamshika Nazira mkono akacheza naye polepole, kwa ajili ya tumbo. Akaenda kusali, akarudi, akavaa shati jeupe na tai juu, kikoi chini.

Kwenye kioo cha kompyuta akatokea Dona Isabel wa ile kampuni ya Maputo, mama mwenye miwani na sauti ya upole. Maswali yalikwenda vizuri. Halafu akauliza, "Mteja akilalamika kwamba majirani wanamwibia intaneti, utamshauri nini?"

Rafique nusura aangue kicheko. Swali gani tena hili, kama si la kuletewa na Mungu?

"Neno la siri lisiwe gumu tu, senhora," alisema akijinyoosha. "Liwe lile ambalo hata mtu mwenye huruma kuliko wote nyumbani hawezi..."

Picha ikaganda. Dona Isabel akabaki jicho moja wazi, jingine limefumba.

Rafique alibeba kompyuta yake akatoka mbio. Barazani hapakuwa na pa kukanyaga. Custódio fundi baiskeli anatazama mpira, wale wanawake wa kinu wanatazama harusi ya watu, na wageni wawili asiowajua wanagombania kigoda, kila mmoja na simu yake.

"Mama!" aliita. "Umelitamka?"

Bi Mariamo akatikisa kichwa, kapulana imempanda hadi machoni.

"Hawezi nini, Senhor Rafique?" Sauti ya Dona Isabel ilikuja vipande vipande kutoka kwenye kompyuta. "Endelea, tunakusikia."

"Usimsingizie mama wa watu, shemeji," akasema Margarida, hata macho hakuyainua kwenye simu. "Hajatoa hata neno. Tumemwomba senha mmoja mmoja, na kila anayemwomba, yeye anajifunika uso, kama siku ile ya vyandarua. Na jina la baba yako, nani hapa asiyelijua?"